Pacha Aliyebaki

Dandora, Nairobi
4 Februari 2023

Senge Nakhumicha,

Mulembe kutoka huku kwetu. Sisi ni wazima. Mukhwana bado anafanya kibarua kwenye kiwanda cha sabuni, na cherehani yangu haijapumzika tangu shule zifunguliwe, maana wazazi wa Dandora hukumbuka sare siku ile mtoto anaporudishwa nyumbani. Jirani yangu Nyawira, yule wa mlango wa pili anayeuza mboga, anakusalimu ingawa hamjaonana. Anasema shangazi anayetaka kuandikiwa kwa kalamu mwaka huu lazima awe mtu wa kuogopwa. Nimemweleza kwamba masikio yako yalistaafu kabla yako, na kwamba ujumbe wa simu huuoni hata uvae miwani miwili. Kwa hiyo barua zitaendelea kupanda basi pamoja na vifurushi vya watu.

Mama angekuwa hai ningemwambia yeye kwanza. Sasa ni wewe. Senge, nina mimba. Nimeandika haraka kabla mkono haujaogopa. Miaka minne nimeolewa na Mukhwana nikihesabiwa miezi na watu wasiolala kwangu, na sasa nimewaziba midomo.

Lakini ngoja nikupe iliyo tamu zaidi. Mimba ni ya miezi mitatu tu, na ukiniona utasema ni ya sita. Gauni zangu zote zimenikataa. Natapika asubuhi, natapika mchana, natapika nikisikia harufu ya kitunguu kutoka kwa Nyawira. Mama mkwe alipopata habari alipanda gari kutoka Chwele siku hiyo hiyo. Aliingia, akanitazama tumbo kabla ya uso, akasema, "Ni wawili hawa." Hakuna wa kumbishia, kwa sababu yeye ni mama wa mapacha. Unakumbuka pacha mwenzake Mukhwana, yule Mulongo, alifariki kabla hajaota meno. Sasa mama mkwe anaamini Mulongo anarudi na mwenzake. Kila asubuhi ananipikia uji vikombe viwili na kunisimamia nimalize vyote. Ameshampata mpaka mwanamke wa kwetu aliyezaa mapacha, anaishi Donholm, ndiye atakuja kutufungulia nyumba kimila kwa ngoma na zile nyimbo za matusi mapacha wakizaliwa. Kazini Mukhwana anaitwa Baba Dabo na anatembea kifua mbele.

Kuna jambo lingine dogo, lakini si la kuandika kwenye barua ya furaha.

Mwana wa kaka yako,
Nasambu

*

Misikhu
14 Februari 2023

Nasambu,

Barua yako ilikaa kwenye ofisi ya basi mpaka yule karani akachoka kuiona, akamtuma mtu. Nimeisoma nimesimama. Halafu nikakaa nikaisoma tena, nikalia kidogo, nikaosha uso, nikaenda kuwaambia kuku kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine karibu. Hongera sana, mwanangu. Kaka yangu angekuwepo angechinja.

Hapa tuko salama. Mahindi ya mwaka jana yamenitosha na mguu wangu unauma pale pale pa siku zote. Kanisani wamenunua kipaza sauti kipya na wanasema sasa hata mimi nitamsikia mhubiri. Simsikii, na sijapungukiwa na kitu.

Msalimie mama mkwe. Mwambie nyimbo za kufungulia mapacha mimi nazijua zote, pamoja na zile ambazo mwalimu hapaswi kuzijua.

Sasa nikuulize. Umepigwa picha ya tumbo? Sikuulizi mama mkwe ameona nini, nauliza mashine imeona nini. Na hilo jambo dogo ni lipi? Nilisahihisha insha za watoto maisha yangu yote, na nilijua kwamba mtoto akiandika "jambo dogo" ndipo pa kutazama. Kama ni damu, usimngoje mtu yeyote. Nenda.

Senge wako,
Nakhumicha

*

Dandora
7 Machi 2023

Senge,

Sijui nianze wapi. Salamu utanisamehe.

Ilikuwa damu. Ilianza kidogo kidogo mwezi wa kwanza na mama mkwe alisema mapacha wanagombea nafasi. Barua yako ilinikuta nimelala. Siku mbili baadaye nikiwa kwenye cherehani nilihisi joto, nikatazama chini, kitambaa cha sare ya mtu kimelowa. Nyawira aliacha mboga zake wazi, akanishika mkono. Njiani aliniambia, "Mimi hii tumbo nimekuwa nikiiogopa, sema tu sikutaka kukuharibia."

Kijana wa picha alinipaka ile dawa baridi, akaanza kuongea habari za mvua, halafu akanyamaza. Senge, kile kimya nakisikia mpaka sasa. Akaenda kumwita daktari, anaitwa Gitonga. Mimi nilikuwa natazama kile kioo nikitafuta vichwa viwili. Niliona madoa madoa meupe, kama runinga iliyokosa chaneli.

"Mama, hapa hakuna mtoto," daktari akasema.

"Wote wawili?" nikauliza.

"Hakuna hata mmoja. Hakujawahi kuwa na mtoto."

Hakujawahi. Ningeambiwa wamekufa ningejua pa kuanzia kulia. Mimi nilikuwa nimeongea nao! Mukhwana alikuwa akiweka kichwa kwenye tumbo langu na kucheka peke yake. Daktari alieleza kwamba inaitwa mimba zabibu. Mbegu ilishika vibaya tangu mwanzo, mtoto hakuumbika, ila kondo la nyuma likaanza kukua lenyewe bila breki, likajaa vijifuko vya maji. Ndiyo maana tumbo likakimbia, ndiyo maana kutapika kule. Alisema si kosa la mtu, si dawa, si jicho. Sikumwamini mpaka nilipotoa vichache mwenyewe usiku huo. Ni zabibu kweli, Senge. Vidogo, vinang'aa, vimeshikana kwenye kichala. Nilipiga kelele mpaka muuguzi akaja mbio.

Kesho yake walinisafisha kwa mashine ya kuvuta. Nilipozinduka mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya muuguzi na leso yake ya kanisani, akiuliza, "Mmewaweka wapi? Nataka tuwazike." Muuguzi akamjibu kwamba vimepelekwa maabara kupimwa. Mama mkwe akashika ukuta. "Wajukuu wangu wamepelekwa maabara?"

Nimeambiwa niwe narudi kila wiki kutolewa damu, mpaka ile homoni ya mimba iishe kabisa mwilini. Na nisishike mimba mpaka waseme. Eti mabaki yakiachwa yanaweza kuamka. Sitaki kuandika neno walilotumia.

Tumbo limelala. Wateja wananiuliza sare zao.

Nasambu

*

Misikhu
16 Machi 2023

Nasambu mwanangu,

Nimeduwaa. Nilikaa na barua yako mapajani mpaka chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Kama ningekuwa na masikio ningekupigia simu nikusikie ukipumua tu. Sina, kwa hiyo nakuandikia. Lia vile unavyotaka kulia. Mtu akikuambia huna cha kulilia kwa sababu hakukuwa na mtoto, mpe anwani yangu.

Mama mkwe usimkasirikie. Pia usimtii kwa kila kitu.

Neno ambalo hukutaka kuandika nimelisoma hata hivyo. Nakuomba jambo moja. Nenda utolewe damu kila walipokuambia. Ukijisikia mzima, nenda. Ukiwa na kazi nyingi, nenda. Ukiona aibu kukaa na wajawazito kwenye benchi, tazama ukutani, lakini nenda. Usiniulize kwa nini nasisitiza hivi. Niandikie tu kila mara damu inasemaje.

Nimekutumia kuku aliyekaushwa na njugu. Karani wa basi alinusa kifurushi, nimemwonya.

Senge wako

*

Dandora
10 Aprili 2023

Senge wangu mpendwa,

Pasaka njema! Huku tumekula, tumeimba, na kwaya ya kwetu ilishindana na ya jirani mpaka mchungaji akatafuta pa kujificha. Kuku wako alifika mzima na Mukhwana alimaliza njugu akisema ni dawa. Mvua imeanza na matope ya Dandora unayajua, viatu vinabaki nyuma mtu akiendelea. Nyawira amepata duka dogo upande wa Donholm, sasa anatoka alfajiri na simwoni sana. Ameninunulia kiti kipya cha cherehani, cha kuzunguka, najiona meneja.

Damu nimetoa mara ya kwanza na mara ya pili. Namba ya homoni ilikuwa kubwa ajabu na ikashuka vizuri, daktari alifurahi. Majibu ya maabara pia yalithibitisha ni ile ile zabibu.

Mama mkwe bado yuko. Anasema hawezi kuniacha katika hali hii. Tunapatana sana siku hizi.

Mukhwana anakusalimu. Nimejisikia nguvu, hata nimeongeza uzito kidogo.

Wako akupendaye,
Nasambu

*

Misikhu
21 Aprili 2023

Nasambu,

Salamu za Pasaka nimezipokea. Nafurahi mmeimba. Hapa tumepanda, na mvua ikitukataa sasa ni juu yake.

Umeandika "mara ya kwanza na mara ya pili". Nilifundisha hesabu darasa la nne. Baada ya pili huja ya tatu, na kutoka siku ile ya kusafishwa mpaka Pasaka wiki zimepita za kutosha kwa ya nne. Ziko wapi?

Na tangu lini wewe na mama mkwe mnapatana sana? Mimi nilimpenda wangu, Mungu amrehemu, lakini "sana" sikuwahi kuiandika.

Usinipige chenga. Nijibu.

Senge

*

Dandora
25 Juni 2023

Senge,

Natumaini uko salama, mguu umepoa, na mahindi yamebeba. Najua nimekaa kimya na najua umekasirika. Kazi imekuwa nyingi, kisha baridi hii ya mwezi wa sita imetubana, na moshi wa jalala haupandi juu tena, unalala chini na kuingia mlangoni. Wapangaji wote wa ploti tunakohoa kama mbuzi. Mimi changu kimekataa kuisha, lakini huku kikohozi si ugonjwa.

Acha nikuambie ukweli sasa kwa sababu moyo wangu umejaa, na hakuna mwingine wa kumwambia nje ya nyumba hii.

Mtoto alibaki.

Nilikuwa nataka kwenda kutoa damu mara ya tatu. Asubuhi ile mama mkwe aliniambia nikae. Alisema ameota Mulongo anaondoka peke yake, hakugeuka nyuma. Akaniuliza kama ile mashine ilivuta wote, nani alihesabu? Kwake alizaa wawili, Mulongo akaenda, Mukhwana akabaki. Akasema kwangu imekuwa vivyo hivyo, tofauti ni kwamba huyu wa kwanza amekwenda akiwa bado tumboni. Mimi nilicheka kwanza. Halafu akatoa kipimo cha mkojo alichonunua kemisti. Mistari miwili, Senge, myekundu, haina wasiwasi! Nikanunua kingine mwenyewe, cha duka lingine. Miwili. Tumerudia mwezi wa tano, tumerudia juzi. Miwili, na mstari wa pili unazidi kukolea. Hedhi yangu haieleweki, matone tu.

Ndiyo maana sikurudi. Nikirudi watanilaza na kunivuta na huyu aliyebaki. Muuguzi mmoja, Bi Mutisya, amenipigia simu mara nyingi mpaka nikamzuia. Mukhwana anatazama vile vipimo, anatazama mama yake, anatoka nje.

Senge, nilipoteza kitu ambacho daktari anasema hakikuwepo. Siwezi kwenda kupoteza tena kilichopo. Nifurahie, tafadhali. Wewe tu ndiye sijasikia akinifurahia.

Nasambu

Nimesahau kukuambia usishtuke ukiona doa kwenye karatasi hii. Nilikohoa.

*

Misikhu
30 Juni 2023

Nasambu,

Sina salamu.

Doa hilo ni la damu. Nimelipeleka kwenye mwanga wa dirisha, nimevaa miwani, nimeivua, nimeivaa tena. Ni damu ya kifuani kwako, na wewe umeniandikia habari za moshi!

Nimempa mke wa jirani simu akupigie kwa niaba yangu. Anasema inaita tu. Kwa hiyo barua hii nimempa dereva mkononi, na nimemwambia asipoifikisha leo nitapanda basi lake kila siku mpaka astaafu.

Sasa nitakuambia kwa nini nilisisitiza. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa umetoka tu hospitali na sikutaka kukutia hofu juu ya msiba. Pale shuleni nilifundisha na mwalimu mmoja kutoka Nyeri, Lydiah, tulikaa meza moja. Naye alitokwa na zabibu, akasafishwa, akaambiwa arudi. Alijisikia mzima, shule zikafunguliwa, hakurudi. Baadaye akasema ana mimba nyingine, kwa sababu mkojo ulisema hivyo, na sisi tukamchangia nguo za mtoto. Mimi nilimfumia soksi. Kisha akaanza kukohoa. Akapewa dawa za kifua kikuu, akazimeza zote kwa uaminifu. Alipofikishwa kwa daktari anayejua, ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye kizazi ukafika kifuani na kichwani. Hakukuwa na mtoto yeyote, Nasambu. Tulimzika mwezi wa Agosti.

Kile kipimo hakioni mtoto. Kinaonja homoni tu, na homoni hiyo hata zabibu huitoa. Mistari miwili inayozidi kukolea ndiyo ugonjwa wenyewe unakuambia upo.

Huna pacha aliyebaki. Naandika neno hili, na uniite mkatili kama unataka. Nichukie ukiwa njiani kwenda hospitali.

Mpe Mukhwana aisome hii. Mwache mama yake nje mkiisoma.

Nakhumicha

*

Wodini, Nairobi
20 Julai 2023

Senge,

Mulembe. Naandikia kitandani, utavumilia mwandiko.

Dereva alileta barua yako mpaka mlangoni, akakataa kuondoka kabla sijaifungua mbele yake. Ulimwambia nini yule mzee? Niliisoma, nikakuchukia kama ulivyoniruhusu. Nikaichana vipande viwili. Mukhwana aliviokota, akaviunganisha mezani, akasoma akifuata kwa kidole. Halafu akaenda kuchukua koti langu.

Mama mkwe alisimama mlangoni. Alisema wakinipeleka wataua mjukuu wake. Senge, mume wangu hajawahi kupandisha sauti kwa mama yake tangu nimjue. Hata siku hiyo hakupandisha. Alisema polepole, "Mama, tangu nikiwa mdogo ukiniangalia unatafuta Mulongo. Nilikuwa naona. Mimi ndiye niko hapa. Na huyu bibi yangu yuko hapa. Hawezi kukuzalia mtu alishakufa." Mama mkwe akasogea. Sidhani alikubali, nadhani miguu ilimsogeza tu.

Bi Mutisya aliponiona hakunigombeza. Alinikumbatia akasema, "Nimekutafuta sana wewe," nikaona aibu mpaka vidoleni. Picha ya tumbo: hakuna mtoto. Mara hii nilijua kabla daktari hajasema. Namba ya homoni ilikuwa imepanda kupita hata ile ya kwanza. Wakanipiga eksirei ya kifua na daktari Gitonga akaiinua kwenye taa. Mapafuni kuna madoa ya duara, machache. Nikasema ni moshi wa jalala. Akasema moshi hauchori duara.

Sasa naandika lile neno. Ni saratani. Nimeliandika na paa halijaanguka.

Halafu akaniambia jambo ambalo bado sijalielewa vizuri, kwa mshtuko nilimfanya arudie. Alisema hii ni katika saratani chache zinazosikia dawa hata zikiwa zimesafiri mpaka mapafuni, mradi mtu aje na amalize. Kizazi hakitatolewa. Wengi hupona na huzaa baadaye. Nikamwuliza kuhusu mwalimu Lydiah. Akasema yeye alichelewa, na tena alitibiwa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Nadungwa sindano siku moja na kupumzika siku moja, kwa juma zima, na vidonge vya kulinda mwili katikati, halafu napumzika juma lingine, kisha tunarudia mpaka namba iishe. Nywele bado zipo. Mdomo umejaa vidonda, chai nainywa kama dawa. Nyawira hufunga duka mapema aje kuniletea mtindi, ananikaripia halafu analia.

Mama mkwe hajaja. Yuko nyumbani Dandora, Mukhwana anasema amekaa kitandani tu.

Umenifanyia jambo ambalo sijui kulishukuru. Nimekuwa na hasira nawe wiki mbili. Leo imeisha.

Nasambu

*

Misikhu
2 Agosti 2023

Mwanangu,

Hasira yako ningeibeba hata miaka ishirini, mradi uwepo wa kuwa nayo.

Nimekutumia asali ya vidonda vya mdomo. Mwulize daktari kwanza kabla hujaigusa. Mahindi yamekomaa, mguu ni ule ule. Nimemwandikia mama mkwe wako barua yake mwenyewe, fupi. Yaliyomo ni ya wanawake wazee wawili, usimwulize.

Mukhwana nimempenda. Mwambie nilimwonea kwa kumwita bubu siku ya mahari.

Malizeni sindano zote. Zote, Nasambu.

Senge wako

*

Dandora
2 Desemba 2023

Senge mpendwa,

Mulembe mno. Asante kwa unga na kwa ule mkeka, Mukhwana ameulalia kabla yangu. Shule zimefungwa, sasa nashona nguo za Krismasi na wateja wananiumiza kichwa kuliko nguo zenyewe. Nimerudi kwenye kiti changu cha umeneja, nachoka haraka lakini nashona. Kikohozi kimeisha. Eksirei ya mwisho ilikuwa na makovu tu.

Habari yenyewe: namba imeisha. Iliisha mwezi wa kumi, wakaongeza sindano za kuhakikisha, na tangu hapo kila nikipimwa haipo. Nitaendelea kupimwa kwa muda mrefu, na mimba isubiri mwaka mzima kwanza, nameza dawa za kupanga uzazi mbele ya mama mkwe na yeye ndiye hunipa maji. Ndiyo, alirudi kwangu. Siku moja wodini nilifungua macho akawa amekaa na kikombe cha uji. Kimoja. Nikanywa. Tangu hapo kila siku ya kupimwa tunakwenda naye, na akiona nachelewa kuvaa anasimama mlangoni na mwavuli.

Jana tulikuwa kwenye benchi. Akaja msichana mdogo, hata miaka ishirini sidhani, tumbo kubwa mno, ameshikwa mkono na mwanamke wa umri wa mama mkwe. Yule mwanamke anatangazia benchi nzima kwamba ni mapacha, kwao huzaa mapacha, picha haina haja, wamekuja tu kuchukua kadi. Mama mkwe akainuka. Nilidhani anaenda kusalimia. Akamshika yule mwanamke mikono yote miwili na kumwambia, "Mama, mpeleke apigwe picha. Mimi nilimnyima huyu wangu daktari miezi mitatu kwa sababu ya mtoto hakuwepo." Alisema kwa sauti, watu wote wakasikia. Hajawahi kuniambia hivyo mimi. Akawapeleka mwenyewe mpaka mlango wa picha, akasimama pale kama askari.

Walitoka baadaye. Senge, walikuwa mapacha. Wa kweli, wawili, mioyo yote inapiga. Yule msichana alikuwa anacheka na karatasi mkononi.

Mama mkwe alikaa chini sakafuni, pale pale, akafunika uso kwa leso. Na mimi sitakudanganya tena kwenye barua: sikufurahi. Nilimwonea yule msichana wivu mpaka tumbo likauma, tumbo langu hili tupu. Nikaenda nikakaa sakafuni kando ya mama mkwe. Akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu tukawalilia wote wawili pamoja, wale ambao daktari anasema hawakuwepo. Watu walitupita. Kisha Bi Mutisya akaita jina langu, nikainuka, nikakunja mkono wa blauzi, nikaingia kutoa damu.

Mwana wa kaka yako, ambaye yupo,
Nasambu